Zulia la kumkumbuka askari: sufu, uzi wa sweta, kitenge au mkonge?

Mtu akija kutaka zulia la kumkumbuka askari polisi aliyefia kazini, karibu kila mara huanza na rangi: "Tuweke bluu, au kaki ya sare?" Hilo naliweka kando kwanza. Nataka kujua litakaa wapi, ukutani au sakafuni, maana hapo ndipo sufu, uzi wa sweta, kitenge na mkonge vinapoachana njia. Hapa Tanga vyote vinapatikana na kila kimoja kina watu wanaokipigia debe. Mimi navilinganisha kwa kazi hii moja tu. Ukitaka kapeti la kupokea matope mlangoni, hukumu yangu ingekuwa nyingine kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kazi yenyewe, ya kuvuta zulia kwa kulabu, iko hivi. Unakaza kitambaa chenye matundu, kwa kawaida gunia, juu ya fremu ya mbao. Mkono mmoja uko juu na kulabu yenye mpini mnene, kubwa kidogo kuliko ile ya kroshia. Mkono wa pili uko chini, umeshika chane ndefu ya sufu, yaani ukanda mwembamba uliokatwa kwenye kitambaa. Kulabu inashuka kwenye tundu, inaidaka chane, inaivuta juu na kuiacha kama kitanzi. Tundu linalofuata unaliruka au unalijaza, kutegemea unene wa chane. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi vinashikana kwa kubanana tu, na gunia nalo linavibana kwa chini.

Ufundi huu ulikua kaskazini mashariki mwa Marekani na pwani ya mashariki ya Canada katika karne ya 19, magunia ya juti yalipokuwa yamejaa kila nyumba. Mwaka 1868 huko Biddeford, Maine, mchuuzi wa vyombo vya bati aitwaye Edward Sands Frost alianza kukata mabati kuwa vielelezo vya kuchapia michoro juu ya gunia, na watu wasiojua kuchora wakapata pa kuanzia. Kuwakumbuka askari polisi kwa mazulia ya namna hii ni jambo la huko pia. Kwetu limekuja juzijuzi, na linatubidi tulipime kwa nyumba zetu, si kwa nyumba zao.

Ukutani au chini

Jijini Washington majina ya askari waliofia kazini yamechongwa kwenye kuta za marumaru, kwenye mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa mwaka 1991. Tarehe 15 Mei, siku ya kuwakumbuka ambayo ilianza mwaka 1962 wakati wa Rais Kennedy, ndugu huja kuyagusa majina kwa vidole na kuyanakili kwa penseli. Jina linaguswa kwa mkono. Basi ukisikia fundi wa huko anasema zulia lake la kumbukumbu "ni la kutumika", elewa kwamba wako pia wanaolitandika sebuleni na hawaoni shida.

Sisi tunaiona. Majina mengi ya vijana wetu wa Tanga na Bagamoyo yana jina la Mwenyezi Mungu ndani yake: Abdallah, Abdulrahman, Abdulkarim. Hakuna mama atakayekubali yakanyagwe, hata kwa soksi. "Mwanangu, hilo jina si la kufutia miguu," bibi mmoja wa Ngamiani alimwambia mjukuu wake mbele yangu, na mazungumzo yakaishia hapo. Nyumba za Kikristo nazo sijaziona zikitofautiana sana kwa hili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi: likiwa na jina, sura, namba au msalaba, linapanda ukutani. Likiwa na ruwaza tupu, yaani rangi za sare zilizopangwa tu bila maandishi, linaweza kushuka. Kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau, nayo ni kitandiko cha baraza. Kama marehemu alikuwa na mahali pake pa kukaa jioni, kipande cha upana wa futi 2 cha kutandika pale kinabeba kumbukumbu bila maneno, na wajukuu watakikalia miaka na miaka. Hicho ndicho kipande pekee cha aina hii ambacho ningekubali kichakae.

Sufu ya makoti

Kondoo wetu wengi, wakiwemo wale wekundu wa Kimasai, wana nywele, si sufu ya kusokota. Sufu inayotufikia sisi inakuja ndani ya marobota ya mitumba, kwa sura ya makoti, sketi nzito na mablanketi. Na pwani nani anataka koti zito? Ndiyo maana lipo chini kabisa ya rundo, na muuzaji anafurahi kulitoa. Ukipanda Lushoto bei inapanda nawe, kwa sababu kule unashindana na mtu anayelihitaji mwezi wa saba.

Jambo linalonifanya niitetee sufu kwa kazi ya askari ni hili: makoti ya kiume ya huko ughaibuni tayari yana rangi za kazi yetu. Bluu iliyokaribia weusi, kijivu, kahawia, nyeusi, na mara moja moja kaki. Huhitaji kuchemsha rangi. Kuna kitambaa kimoja cha kijivu chenye chembechembe nyeusi na nyeupe. Ukikichana na kukivuta vitanzi, kinageuka lami ya barabara yenyewe, pamoja na kokoto zake. Kwa kipande cha kumkumbuka trafiki sijapata uzi wowote wa dukani unaokaribia hapo. Sare yake nyeupe, kwa upande mwingine, usiifanye nyeupe ya shuka. Tumia rangi ya maziwa, au nyeupe ya blanketi kuukuu, la sivyo jicho halitaona kitu kingine.

Kabla ya kulipia, hakikisha ni sufu kweli. Lebo ya ndani ikisema wool, Wolle au laine, vizuri, lakini lebo nyingi zimeshakatwa. Chomoa uzi kwenye mshono wa ndani, uuchome na kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, moto unasitasita, na majivu yanasagika kwenye vidole. Ikiyeyuka na kuacha kijidonge kigumu, hiyo ni plastiki iliyovaa koti. Mwambie muuzaji kwanza, lakini; si kila mmoja anapenda kuona kiberiti karibu na meza yake.

Ukifika nyumbani fumua koti lote, toa bitana na mabega, kisha lifue kwa maji ya moto na sabuni huku ukilisugua. Linanywea na nyuzi zinashikana. Hiyo ndiyo siri ya chane isiyochanika: sufu isiyonywea inamwaga nyuzi kila unapoivuta kwenye tundu. Kata chane za upana wa milimita 6 kwa kujazia, na milimita 3 kwa herufi na mistari ya uso. Kwa hesabu, chukua eneo la mchoro wako uzidishe mara 4. Zulia la sentimita 60 kwa 90 linakula zaidi ya mita 2 za mraba za kitambaa. Tafuta makoti mawili ya rangi inayofanana kabla hujaanza, maana la pili ukilitafuta katikati ya kazi hutalipata.

Ubaya wa sufu hapa kwetu ni nondo na unyevu. Anayekula si yule kipepeo mdogo anayeruka usiku, ni funza wake, na anapenda sehemu ya giza isiyoguswa, hasa nyuma ya kitu kilichotundikwa. Karafuu na majani ya mwarobaini vinanukia vizuri, lakini usivitegemee peke yake. Kinachofanya kazi ni kulitoa nje, kulipiga brashi mbele na nyuma, na likishaonyesha dalili, kulifunga kwenye mfuko wa plastiki na kulilaza kwenye friza wiki nzima. (Mwenye friza la barafu za ukwaju atalalamika. Mpe pole, mlipe.) Kwa unyevu, usiligandamize kwenye ukuta wa mawe. Weka vijiti viwili vya mbao nyuma ili hewa ipite, hasa nyumba zile za kale za Bagamoyo zinazotoa chumvi ukutani kila masika.

Uzi wa sweta

Huu ndio mshindani wa kweli. Unapatikana kila duka la vifaa vya ushonaji, una rangi zote, bei yake haimshtui mtu, na nondo hawana habari nao kwa sababu kwa kawaida ni akriliki. Unafulika. Kwa kijana anayejifunza ningemwambia aanze nao bila aibu.

Lakini kwa kumbukumbu ya ukutani una mambo mawili yanayonikera. Unang'aa, na mng'ao wake unaifanya sare ionekane kama jezi ya mpira. La pili ni moto. Nyumba zetu zina chetezo, zina udi, zina mishumaa umeme ukikatika. Kaa moja likiruka, sufu inaungua sehemu ndogo na mara nyingi inajizima. Akriliki inayeyuka na kuacha shimo gumu ambalo huwezi kulificha.

Sehemu moja uzi unaishinda chane, nayo ni herufi. Herufi ya urefu wa sentimita 3 ukiivuta kwa chane ya milimita 6 inakuwa uvimbe. Uzi mmoja mmoja unaandika vizuri. Ukipata uzi wa sufu halisi unaotoka nyanda za juu za Kenya, tumia huo kwa jina na uso, halafu jaza kwa makoti. Huko Chéticamp, Nova Scotia, Elizabeth LeFort alijulikana kwa sura za marais wa Marekani alizozivuta kwa kulabu, na alizivuta kwa uzi mwembamba wa sufu, si kwa chane.

Kitenge, kanga na shati lake

Pamba inachanika, inalala, na bluu yake inapauka mbele ya dirisha. Kwa ufundi mtupu ningeiweka ya tatu. Ila familia haiji na ufundi mtupu, inakuja na mfuko. Ndani ya mfuko kuna shati la Ijumaa, kanga ya mjane, pengine suruali ya kazi ya shambani. Ukikataa vitu hivyo umekosa maana ya kazi. Njia ninayoipendekeza ni kuvitumia kwenye ukingo: safu 2 au 3 za vitanzi vya shati lake kuzunguka picha ya sufu. Kata chane ya pamba nene zaidi, milimita 10 au zaidi, uikunje katikati, na itasimama. Wanawake wa Newfoundland na Labrador, wakifanya kazi chini ya misheni ya daktari Grenfell miaka ya 1920 na 1930, walivuta mazulia mazuri ajabu kwa soksi ndefu za hariri zilizochakaa walizotumiwa na watu, kwa hiyo usiseme kitambaa chepesi hakiwezekani.

Sare, hata hivyo, usiikate. Ni mali ya Jeshi la Polisi. Ikionekana vipande vipande kwenye zulia, maswali yatamfuata mjane, si wewe fundi.

Mkonge

Hapa Mtanga yeyote ataniona msaliti. Mji huu umelelewa na mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na mashamba yote yakaanzia hapo. Ningependa sana kusema ndio unaofaa. Hautaki. Singa zake ni ngumu, kitanzi kinafunguka kikirudi chini, na tone la maji linaacha doa. Mkonge unafaa kusukwa au kufumwa, na kapeti lake ni la kukanyagwa, jambo ambalo tumeshalikataa kwa zulia lenye jina. Utumie kwa kamba ya kutundikia. Kamba ya mkonge iliyosokotwa vizuri inabeba zulia zito la sufu bila kulegea, na kila mgeni ataiona.

Gunia la chini

Hapa sina maneno mengi. Mfuko wa salfeti haufai, ni plastiki, matundu yanateleza. Gunia la kahawa la juti linafaa kwa ukutani likiwa jipya: lifue litoke harufu ya mafuta, na chagua lenye nyuzi 10 hadi 12 kwa inchi. Juti inakauka na kukatika ikizeeka, kwa hiyo kwa kitandiko cha baraza tafuta kitani au pamba nene iliyofumwa kwa uwazi. Gunia lililokaa ghalani miaka, hata wakikupa bure, liache.

Sura, jina au vitu vyake

Watu wengi wanataka sura. Inawezekana, lakini uliza kwanza nani ataliona na chumbani mwa nani. Nyumba nyingi za Kiislamu hazitundiki sura pale pa kuswalia, na utakuta mjane anaitaka huku baba mkwe hataki. Usiwe wewe wa kuamua. Rudi siku nyingine. Halafu pima uwezo wako. Uso unataka angalau rangi 6 za kahawia, kutoka inayong'aa kwenye paji hadi ile ya chini ya kidevu, na kwa chane nene jicho zima linapata vitanzi vichache tu. Kosa kimoja na umemchora mtu mwingine. Familia haitakwambia. Italitundika nyuma ya mlango.

Vitu vyake vinasema zaidi kuliko watu wanavyodhani: filimbi na kamba yake, kofia iliyolazwa mezani, buti, tochi ya lindo la usiku. Tepe za cheo nazo ni mchoro mzuri kwa kulabu, kwa sababu ni mistari minene yenye kona: koplo 2, sajenti 3. Hesabu kwenye picha ya mwisho aliyopigwa, usitegemee kumbukumbu ya jirani, maana mtu aliyepanda cheo miezi michache kabla ya kufa angependa, kama angeulizwa, kiandikwe kile cha mwisho. Vuta tepe kwanza, ndani kidogo ya mstari, kisha jaza mkono wa shati kuzunguka. Ukianza na shati, tepe zitabanwa na zitapinda.

Mstari mwembamba wa bluu katikati ya weusi, alama ya polisi inayoonekana kwenye kazi nyingi za Marekani na Uingereza, siushauri. Huko kwenyewe watu wanaubishania, na hapa mama mzazi atauliza huo ni mto gani. Nembo ya Jeshi nayo si pambo la kujichukulia. Kama kipande kitatundikwa hadharani, nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, uombe, upewe kwa maandishi.

Moja kubwa la kituo, au madogo ya familia

Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa pamoja Kibiti, mkoani Pwani. Msiba wa namna hiyo ukitokea, wazo la kwanza la kila mtu ni zulia moja kubwa lenye majina yote, la kutundika kituoni. Linapendeza siku ya kukabidhi. Baada ya hapo kamanda anahamishwa, kuta zinapakwa rangi, linashushwa, na anayemfuata hajui ni la nani. Madogo 8 ya sentimita 30 kwa 40, kila nyumba lake, ni kazi inayokaribia ileile kwa eneo, ila yanakaa na watu wasiohamishwa. Mimi nachagua madogo. Kituo kikisisitiza, basi lifanyike la kati, liandikwe kwenye rejista ya mali, na kila familia ipate kipande kidogo kilichotoka kwenye makoti yaleyale.

Na usihesabu sare tu. Tarehe 25 Agosti 2021 jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mwenye silaha aliua askari polisi 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi. Zulia la watu 3 kwa tukio hilo lingekuwa na pengo ambalo kila mkazi wa mtaa ule angeliona. Mlinzi apewe nafasi sawa, kwa rangi ya sare yake mwenyewe.

Kuhusu lini kulipeleka, usikimbilie msibani. Arobaini ni sawa kwa wazazi. Kwa mjane Mwislamu mimi husubiri eda iishe, miezi 4 na siku 10, kisha natuma wifi au shangazi aulize kama yuko tayari kulipokea.

Kulabu au sindano ya kuchoma

Sindano ya kuchoma, ile inayousukuma uzi ndani ya gunia badala ya kuuvuta, ina kasi, lakini kwa kawaida inakula uzi, si chane, na unafanya kazi kwa upande wa nyuma, kwa hiyo jina lazima lichorwe kinyume. Kulabu ni ya polepole na unaona unachokifanya. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa msumari wa inchi 6, ukamalizia mpini kwa seremala. Hakikisha ncha imepigwa msasa, vinginevyo itang'oa nyuzi za gunia.

Bei, mwishowe, iulizwe kwa futi ya mraba, herufi na sura zikitozwa zaidi, na nusu ya fedha itangulie kwa ajili ya makoti. Familia ikilipa yenyewe, watu huelewana. Kituo kikilipa ni mchango wa askari wenyewe, kutoka mfukoni, kwa hiyo taja kiasi chote kabla daftari halijazunguka. Likishazunguka na kufungwa, hutaongeza hata shilingi, na hilo la kamba ya mkonge uliyoisahau utalilipa wewe.